Mtoto Hasemi, Ulimi Unasingiziwa

Mtoto akitimiza miaka miwili bila neno, majirani huwa na jibu tayari: "Amefungwa ulimi huyo, apelekwe akakatwe." Wapo wanaopelekwa kwa fundi mwenye wembe wakarudi na kidonda, na maneno yasije.

Ile ngozi nyembamba ya chini ya ulimi ikiwa fupi inaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye kumpa shida katika sauti chache. Haimzuii kuanza kusema. Wapo watu waliokatwa sehemu ya ulimi kwa sababu ya saratani, na bado wanazungumza wakaeleweka.

Sauti huanzia mapafuni. Hewa hupanda ikapita katikati ya nyuzi za sauti ndani ya koromeo, nazo hutetema kama mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume, 200 hivi kwa mwanamke. Ulimi, midomo na kaakaa huja kuigawa sauti hiyo iwe matamshi. Anayeamuru yote hayo ni ubongo, na ubongo hujifunza kupitia sikio. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: mtoto anasikia? Homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya uchangani, masikio yanayotoa usaha bila kutibiwa, yote yanaweza kupunguza usikivu. Tena msiridhike kwa kugonga sufuria nyuma yake akageuka. Anaweza kusikia kishindo na asisikie "s" wala "f". Apimwe hospitali.

Aliyezaliwa kiziwi naye hudhaniwa ana koo bovu. Si kweli, analia na kucheka kwa sauti kama wenzake. Anachohitaji ni lugha mapema, na lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. Haimzuii kujifunza kutamka.

Lugha mbili nyumbani? Hazimcheleweshi mtoto. Bibi aendelee na Kisukuma chake.

Kigugumizi husemwa hutokana na kutekenywa, hofu, au kuiga wenzake. Sivyo. Kinahusiana na jinsi ubongo unavyoratibu usemaji, na mara nyingi hufuata ukoo. Takribani mtoto 1 kati ya 20 hukipitia, wengi kikawaacha. Kwa watu wazima hubaki kwa 1 hivi kati ya 100. Kumkemea aseme upesi ni kumwongezea mzigo. Msubirini amalize.

Mtu mzima akipoteza maneno ghafla, husemwa amerogwa. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye karibu kila alichotamka kilikuwa "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ilionekana ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Ulimi wake haukuwa umepooza. Leo chanzo kikubwa cha hali hiyo ni kiharusi. Maneno yakipotea, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, mkimbizeni hospitali papo hapo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu za mwanzo.