Pointi Tatu Zinapozidi Pointi Nne

Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, simu yangu haipoi. Anapiga mama wa Mbagala, anapiga mjomba wa Ifakara, anapiga mtu aliyepewa namba na jirani wa mdogo wangu, na swali ni lile lile: "Mwalimu, kijana ana pointi tatu, hakuna namna?"

Nilikaa ofisi ya udahili ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla sijahamia darasani kufundisha upimaji wa elimu. Jibu la swali hilo nalijua kwa ghibu: namna ipo, lakini si kwa mlango huo. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mara nyingine jibu hilo si la haki, na mzazi anayelipokea hajui kwa nini si la haki. Anakata simu akiamini mwanawe hana akili ya kutosha.

Tuanze na hesabu. Ili mwombaji wa kidato cha sita aingie shahada ya kwanza, kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kinamtaka afaulu masomo mawili yanayohusu kozi anayoiomba, na pointi za masomo hayo zifike 4. Daraja A lina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Nyuma ya madaraja hayo kuna alama za mtihani: A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40.

Sasa chukua watahiniwa wawili. Wa kwanza kapata 50 Kemia na 50 Biolojia. Hizo ni D mbili, pointi 4, anaingia. Wa pili kapata 59 Kemia na 49 Biolojia. D na E, pointi 3, anabaki nje. Jumlisha alama zao: wa kwanza ana 100, wa pili ana 108. Aliyefanya vizuri zaidi ndiye aliyefungiwa lango, na hakuna aliyekosea popote, si msahihishaji, si Baraza la Mitihani, si karani wa udahili. Kanuni imefuatwa kama ilivyoandikwa. Tena mwenyewe hawezi kulijua hilo kwa kuangalia matokeo yake, kwa sababu kinachotangazwa ni daraja.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwenye fani yetu tunaliita hitilafu ya upimaji. Mpe mwanafunzi yule yule mtihani wenye ugumu ule ule Jumatatu, kisha umpe mwingine Alhamisi, alama hazitalingana. Swali moja limegusa mada aliyoirudia usiku wa jana. Malaria ilikuwa inampanda. Insha yake imesomwa na mtu aliyekwisha soma insha nyingine lukuki tangu asubuhi. Alama mbili tatu juu au chini ni jambo la kawaida, hata kwa mtihani uliotungwa na kusahihishwa kwa uangalifu mkubwa. Ukijenga ukuta pale kwenye 50, kupanda na kushuka huko kwa kawaida kunaamua nani awe mwalimu wa sayansi na nani arudi nyumbani.

Ninapofika hapa darasani, hakosekani anayenyoosha mkono: basi tuache kutegemea mitihani, tuangalie bidii ya mtu, tabia yake, barua za waliomfundisha. Namuelewa. Ila nchi hii ilishajaribu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba kumaliza kidato cha sita hakutoshi. Kijana afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema na naiheshimu mpaka leo: msomi aionje kazi ya wananchi wanaomsomesha kabla hajapewa kiti. Lakini jiulize mapendekezo hayo yaliandikwaje. Nani anajulikana kwa mwenyekiti wa tawi? Mwajiri anamwonaje kijana anayesema kweli kazini? Haukupita muda mrefu wasichana wakaondolewa kwenye sharti la kusubiri, maana walioingia chuoni walikuwa wanapungua, na baadaye utaratibu wenyewe ukalegezwa kwa wote.

Mimi nimetoka kwenye nyumba isiyokuwa na mtu wa kuandika barua. Mtihani haukuniuliza baba yako ni nani. Kwa hiyo anayetaka kuufuta asinihesabu upande wake.

Wamarekani nao wamelipitia hili kwa njia yao, na kisa chao kina funzo ambalo hapa hatujalichukua. Mtihani wao wa kuombea vyuo vikuu, SAT, ulianza mwaka 1926, na aliyeuongoza ni Carl Brigham, mwanasaikolojia aliyekuwa ametumia vipimo vya akili vya jeshi la Marekani, vya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kudai kwamba watu wa asili fulani wana akili kuliko wengine. Mwaka 1930 aliikana hoja hiyo kwa maandishi yake mwenyewe, lakini doa lilibaki, na limetumiwa kuupinga mtihani huo hadi leo. Korona ilipozuia watu kukusanyika mwaka 2020, vyuo vingi viliacha kuudai. Wengi walishangilia, wakisema sasa mtoto wa maskini atapita.

Kisha Machi 2022 chuo cha MIT kikaurudisha, na mwaka 2024 vikafuata Dartmouth, Yale na Harvard. Sababu za Dartmouth ndizo zilizonigusa. Watafiti wao waligundua kuwa wanafunzi wa familia duni walikuwa wanazificha alama zao wakidhani ni ndogo mno, ilhali zingewasaidia. Ofisi ya udahili pale huisoma alama pamoja na shule ilikotoka. Alama iliyo chini ya wastani wa chuo, ikitoka kwenye shule isiyo na neema, inaweza kuwa ushahidi wa uwezo mkubwa. Mtoto hakulijua hilo, na chuo hakikumwona.

Sisemi mitihani yetu ni kama SAT. Ule hauandamani na muhtasari wa somo la darasani, wa kwetu unapima ulichofundishwa. Na hapo ndipo shida yetu inapokuwa kubwa kuliko yao, kwa sababu mtihani unaopima ulichofundishwa unapima pia kama ulifundishwa. D ya Fizikia ya mtoto wa shule ya vipaji maalumu kama Ilboru au Kibaha, na D ya mtoto aliyekaa muhula mzima bila mwalimu wa Fizikia na kuiona maabara kwenye picha ya kitabu, ni herufi moja. Haziwezi kuwa habari moja.

Lugha ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wetu wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anavuka geti la sekondari na kila kitu kinageuka Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na mengine machache. Mwenzake aliyelipiwa shule ya msingi ya Kiingereza hana safari hiyo. Niliwahi kuombwa nisaidie kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kwenye shule moja ya kata hapa jijini. Swali la Jiografia lilianza na "Account for", yaani eleza sababu. Kijana mmoja alijaza ukurasa mzima, kwa mwandiko safi, akiorodhesha hasara na faida za fedha. Alikuwa amelitafsiri neno alilolijua, la akaunti ya benki. Nilimwita baadaye, nikamuuliza swali lile lile kwa Kiswahili. Alinieleza mmomonyoko wa udongo mpaka nikaweka kalamu chini, kuanzia mteremko, mvua, ukataji miti hadi mifugo kupita mahali pamoja. Kwenye karatasi alikuwa na sifuri. Ilikuwa sifuri halali kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihishia, lakini haikuwa sifuri ya Jiografia.

Miaka miwili baadaye mtoto kama huyo, akifanikiwa kufika kidato cha sita na kupata D na E, anapangwa nyuma ya mwenye D mbili ambaye hakuwahi kubeba mzigo huo. Mimi ningeapa, kwa nilichokiona kazini, kwamba huyu wa D na E ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kukua akipewa mwalimu na maabara.

Wapo watakaosema tunashusha viwango. Hapana. Hata wasichana walipopunguziwa kidogo kikomo cha pointi pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengine kupitishwa kwenye masomo ya utangulizi ya sayansi kabla ya kuanza shahada, mitihani ya chuo haikushushwa. Walisomea na kutahiniwa yale yale. Kilichobadilika ni jinsi alama za mlangoni zilivyosomwa.

Ninachotamani ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa walio pembeni ya ukuta, chuo kipewe alama zenyewe badala ya daraja peke yake, ili yule mwenye 108 asizidiwe na mwenye 100. Na pointi za mwombaji ziwekwe kando ya wastani wa shule aliyosoma. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kwa umma, uamuzi ninaouunga mkono, maana orodha ile ilikuwa imegeuka tangazo la biashara. Lakini takwimu za shule hazikupotea, na afisa udahili ana haja nazo kuliko gazeti lilivyokuwa nayo. Kwenye karatasi zetu enzi zangu safu ya jina la shule ilikuwepo. Sikumbuki hata siku moja tulipoitumia kuamua.

Nakumbuka asubuhi moja aliingia mama na mwanawe, wametoka Chanika na daladala mbili. Kijana akanishika mkono, "Shikamoo, mwalimu." Akatoa matokeo aliyoyachapisha kwenye kibanda cha steshenari, yamekunjwa mara nne. Kemia D, Biolojia E. Alitaka ualimu wa sayansi. Mama aliniuliza taratibu, "Baba, hiyo moja iliyopungua ndiyo nini?" Sikuweza kumwambia kama E ile ilikuwa 40 au 49, kwa sababu hata mimi sikujua, na kanuni haikutaka nijue. Nikamweleza kijana njia ya stashahada, kwamba akimaliza na wastani wa alama (GPA) wa angalau 3.0 anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, badala ya zile za kidato cha sita. Akaandika kwenye mkono wake kwa kalamu ya wino, kwa kuwa karatasi nyingine hakuwa nayo.

Alifanya kama nilivyomwambia. Miaka mitatu baadaye alirudi dirishani kwangu na cheti mkononi, akapokelewa. Wenzake aliokaa nao dawati moja kidato cha sita walikuwa wameshahitimu, na mmoja wao alikuwa tayari anafundisha Biolojia kwenye sekondari ya kwao Chanika.