Maana ya matumizi sahihi ya barakoa kwa wahudumu wa afya

Neno barakoa lilikuwepo pwani yetu zamani sana, likitaja vazi la uso la baadhi ya wanawake, hasa wa nasaba za Kiarabu, kabla ya mwaka 2020 kulieneza kwa kila mtu likiwa na maana ya kifuniko cha pua na mdomo. Katika tiba, matumizi yake sahihi ni kuchagua aina inayolingana na ugonjwa unaohofiwa, kuivaa ikaziba pua, mdomo na kidevu, na kuivua bila ya kuigusa upande wa mbele.

Aina zenyewe ni mbili, na kazi zake hazifanani. Barakoa ya upasuaji, ile nyepesi ya buluu, ina tabaka tatu: la nje huzuia majimaji, la kati huchuja, la ndani hufyonza unyevu wa pumzi. Kwa kuwa mashavuni huacha mwanya, kazi yake kubwa ni kuzuia mate ya aliyeivaa yasimfikie mwingine na kumkinga yeye na michirizi ya damu au makohozi, ndiyo maana mgonjwa anayekohoa huvishwa hiyo. Aina ya pili, N95, ile nzito inayoshika uso pande zote, humkinga aliyeivaa: huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo za hewani, na hiyo ndiyo inayohitajika kwa kifua kikuu, surua na tetekuwanga, ambavyo vijidudu vyake huelea hewani hata baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Lakini N95 isiyoshika uso haina faida. Kila inapovaliwa, muuguzi huizungushia viganja viwili na kupumua kwa nguvu; akihisi upepo ukimpita puani au mashavuni, airekebishe kabla hajaingia wodini. Ndevu nazo hufungua mwanya, na kwa kuwa katika mji huu wa Mombasa wengi wamezifuga kwa kufuata sunna, naona ni jukumu la msimamizi wa wodi kupanga zamu kwa kulizingatia hilo, badala ya kumwachia tabibu aibu ya kujieleza.

Kosa la kila siku, hata hivyo, si la aina bali la mkono. Katika kliniki moja ng'ambo ya Likoni, wakati wa joto la kaskazi, nilimtazama muuguzi mpole akiiteremsha barakoa kidevuni kila alipoita jina, kisha akiipandisha kwa vidole vilevile vilivyotoka kupokea kadi ya mtoto mwenye mafua, na kwa vidole hivyo akamshika mtoto mwingine taya amchungulie koo. Bibi aliyeketi kando yangu akamwambia taratibu, "Mwanangu, ivae au ivue, usicheze nayo." Hakuna mkufunzi ambaye angelisema vizuri zaidi, kwa maana upande wa nje wa barakoa ndio uliokusanya vijidudu, na kila unapoguswa mkono huvibeba hadi kwa mgonjwa anayefuata.

Joto letu na unyevunyevu wa bahari huongeza taabu, kwani barakoa ya upasuaji hulowa upesi, na iliyolowa haina budi kubadilishwa hata kama zamu haijafika nusu. Wako wanaoinyunyizia N95 spiriti wakidhani wanaisafisha. Spiriti huondoa chaji ya umeme iliyomo katika nyuzi zake, ambayo ndiyo inayonasa chembe ndogo. Wakati wa kuvua, kamba ya chini hutangulia, ya juu hufuata, barakoa hushikwa kwa kamba tu hadi kwenye pipa la taka zenye maambukizi, kisha mikono huoshwa, hata kama ilikuwa ndani ya glavu.

Barakoa haichukui nafasi ya madirisha. Wanaokohoa ni vyema wapewe benchi nje, upande ambao upepo hauwapulizii wenzao pumzi zao.