Actus reus: jinsi kutotenda kunavyoweza kuwa kosa la jinai

Sheria ya jinai haimwadhibu mtu kwa anayoyawaza. Unaweza kumchukia jirani yako mpaka ukakosa usingizi, lakini chuki ikibaki moyoni hakuna hakimu wa kukutia hatiani. Lazima kiwepo kitu cha nje, kinachoweza kuthibitishwa kwa ushahidi. Upande huo wa nje wanasheria huuita kwa Kilatini actus reus. Nia ovu, iliyo upande wa ndani, ni mens rea.

Wengi hufasiri actus reus kuwa "tendo la kosa", nami naona tafsiri hiyo inabana mno. Katika wizi, kuchukua tu hakutoshi: kitu lazima kiwe mali ya mtu mwingine. Katika mauaji, lazima mtu afe, na kifo kitokane na mshtakiwa. Tena tendo liwe la hiari. Dereva aliyevamiwa na kundi la nyuki hadi usukani ukamtoka mikononi hahesabiwi kwamba aliendesha wakati huo.

Sasa, aliyekaa kimya je? Katika nchi zinazofuata mapokeo ya Uingereza, kwa kawaida hana kosa. Ukimwona mtu usiyemjua anazama kwenye maji yanayokufika magotini ukapita zako, dhamiri itakusuta lakini polisi hawana la kukushtaki. Kanuni hiyo huwakera wanaoisikia mara ya kwanza, na wana haki ya kukereka. Ufaransa imechagua njia nyingine: kifungu cha 223-6 cha kanuni yake ya adhabu kinamtisha kwa kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya euro 75,000 anayeacha kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini, ilhali angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha wala kuhatarisha wengine.

Hata kwa Waingereza kimya hugeuka kosa pale ambapo sheria ilikuwa imekupa wajibu wa kutenda. Mzazi anao kwa mtoto wake mdogo. Aliyejitwalia kumtunza mgonjwa asiyejiweza anao pia, hata kama hakuna aliyemlazimisha.

Mkataba nao huzaa wajibu. Katika kesi ya Pittwood ya mwaka 1902, mlinzi wa geti kwenye makutano ya reli na barabara aliliacha wazi akaenda kula. Mkokoteni ukaingia relini, treni ikaugonga, mtu akafa. Alijitetea kwamba wajibu wake ulikuwa kwa mwajiri tu. Mahakama ilimkatalia, kwa sababu maisha ya waliopita pale yalitegemea geti lile, na akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Kesi ya Miller, iliyoamuliwa mwaka 1983, inanigusa zaidi. Mtu alisinzia na sigara mkononi, akaamka akakuta godoro linafuka moshi, akahamia chumba cha pili kuendelea kulala. Moto ulianza bila yeye kukusudia, lakini hatari ilikuwa ya mkono wake, na alipoijua alipaswa kufanya alichoweza ili kuizuia. Sheria haikumdai aingie motoni. Kuita zimamoto kungetosha.

Kwa makosa yanayohitaji matokeo, kama mauaji, wajibu peke yake haumalizi kesi. Upande wa mashtaka bado uthibitishe kwamba kutotenda ndiko kulikoleta madhara. Kama mgonjwa angekufa saa ileile hata daktari angeitwa mapema, kifo hicho hakiwezi kubebeshwa aliyekaa kimya.