Rubani Aijue Mitambo ya Ndege Anayoirusha

Mafundi wa ndege wanazidi kutuletea lalamiko lilelile: rubani anatua, anafungua kitabu cha kumbukumbu za ufundi, anaandika "injini haiko sawa", anasaini na kuondoka. Fundi aanzie wapi? Nguvu ilipungua wakati wa kupaa au wa kushuka? Taratibu au ghafla? Presha ya oili ilisomaje? Rubani asiyeelewa injini inavyofanya kazi hawezi kujibu, maana hakujua hata aangalie wapi.

Wapo wanaosema mitambo ni ya fundi, kazi yao ni kurusha tu. Tunaomba dhana hiyo iachwe. Kiambatisho cha 1 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kinamtaka hata mwombaji wa leseni ya rubani binafsi aelewe utendaji wa injini, mifumo na vyombo vya ndege. Hatumtaki ashike spana. Tunamtaka ajue kipi kinalisha kipi.

Chukua barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla hazijaingia kwenye injini. Wengi hudhani ni tatizo la nchi za baridi, na si kweli. Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta na petroli inapogeuka mvuke, joto hushuka sana, kiasi kwamba barafu huweza kuganda hata nje kukiwa na nyuzi 20 na zaidi, mradi hewa ina unyevu. Kwa propela isiyobadili pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko kupungua bila rubani kugusa kitu. Akivuta kitasa cha joto la kabureta, kinachoingiza hewa ya moto, injini huweza kukohoa zaidi kwa muda, kwa sababu barafu inayeyuka na maji yanaingia kwenye mitungi. Asiyejua hilo hushtuka, akakirudisha kitasa, na barafu ikabaki palepale.

Ndege kubwa nazo ni hivyohivyo. Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 iliyokuwa ikivuka Atlantiki kutoka Toronto kwenda Lisbon ilivuja mafuta kwenye injini ya kulia. Ishara ya mapema ilionekana kwenye oili: ilipoa kuliko kawaida na presha yake ikapanda. Mafuta hupita kwenye kifaa kinachopoza oili, na safari hii yalipita kwa wingi mno. Marubani walishuku kwamba vipimo vinadanganya. Mafuta ya mabawa mawili yalipotofautiana, walifungua vali ya kuunganisha pande zote kwa kukumbuka tu, ilhali orodha ya ukaguzi ilikuwa na tahadhari kuhusu uvujaji. Mafuta ya kushoto yakaenda kumwagikia kulia, na injini zote mbili zikazimika. Ndege iliteleza angani bila nguvu hadi Lajes, visiwa vya Azores, na watu wote 306 walinusurika. Ustadi wa kutua vile tunauheshimu sana. Lakini vali ile haikupaswa kufunguliwa.

Sasa utaratibu. Hitilafu iandikwe mara baada ya safari: ilitokea hatua gani, mwinuko gani, geji zilisoma nini, ulifanya nini, nini kilifuata. Fundi mwenye leseni hurekebisha na kusaini kuirudisha ndege kazini. Kwa ndege yenye orodha ya MEL iliyoidhinishwa (orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka vikiwa na hitilafu), hitilafu inayoruhusiwa kuahirishwa huhesabiwa muda bila kujumlisha siku ilipogunduliwa: kundi B siku 3, C siku 10, D siku 120; kundi A hufuata maelezo ya kipengele chenyewe. Muda ukiisha kabla ya matengenezo, ndege hairuki. Kuficha hitilafu unayoijua kunaweza kukusimamishia leseni, kukufutia kabisa, au kukufikisha mahakamani kwa mujibu wa sheria za nchi husika. "Niliogopa kuchelewesha safari" si utetezi.

Ipo moja ambayo mara nyingi haiandikwi. Katika jaribio la magneto (vifaa viwili vinavyotoa cheche za injini, ambavyo huzimwa kimoja kimoja kabla ya kuruka), mizunguko isiposhuka hata kidogo baadhi hufurahi wakidhani injini ni nzima. Huenda waya wa kuizima magneto umekatika, na propela ikisukumwa kwa mkono injini inaweza kuwaka na kuua mtu. Ndege hiyo isiruke. Iandikwe, na mtu yeyote asiisogelee propela mpaka fundi afike.