Darasa la pili "hawasomi kitu"? Si kweli

Hapa Dodoma, kila muhula ukianza nasikia wazazi wakilalamika: "Mwanangu yuko la pili, hana daftari la sayansi wala jiografia. Wanamchezesha tu!" Hapana, wazazi wenzangu. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Na huko mnakoita kuchezeshwa ndiko kujifunza kwenyewe. Mtoto anamwaga mbegu za ubuyu sakafuni, anazipanga mafungu ya kumi kumi, zinazobaki anaziweka pembeni. Mafungu matatu na mbegu nne: thelathini na nne. Hapo ameshika makumi na mamoja. Asipoyashika, kujumlisha kwa kubeba kutamtoa jasho. Kusoma nako huanzia kwenye sauti: m, a, ma, mama. Kwa mtoto aliyekuja shuleni na Kigogo cha nyumbani, hatua hii haitaki haraka hata kidogo.

Masomo huongezeka darasa la tatu, na la nne kuna upimaji wa kitaifa. Ukitaka kujua kama mwanao anasonga, acha kuhesabu madaftari. Mpe ukurasa mmoja akusomee, kisha muulize hadithi ilihusu nini.