Korona na uwanja wa gofu: maswali na majibu kwa wanaotunza nyasi

Mwaka 2020 kila jimbo la Marekani lilitoa masharti yake ya korona, na msimamizi wa uwanja wa gofu ndiye aliyetakiwa kuyageuza kuwa kazi ya kila alfajiri. Maswali yafuatayo yanahusu yaliyofanyika wakati ule, yaliyokuwa na maana na yasiyokuwa nayo, na yanayofaa kushikwa hata leo mafua makali au ugonjwa mwingine wa hewa unapoingia kazini.

Msimamizi wa uwanja wa gofu ni nani, na afya za watu zinamhusu vipi?

Si mwalimu wa mchezo wala meneja wa klabu. Ndiye mwenye dhamana ya nyasi, maji, mashine, viuatilifu na watu wanaovishika. Wengi wamesomea elimu ya nyasi za viwanja katika vyuo kama Penn State, Michigan State au Rutgers. Chama chao, GCSAA, kilianzishwa mwaka 1926 mjini Toledo, Ohio, na sasa makao yake yapo Lawrence, Kansas. Cheti chake cha juu, CGCS, kimekuwapo tangu 1971.

Magonjwa waliyoyasomea ni ya majani, lakini somo moja la darasani liliwafaa sana: ugonjwa hutokea vikikutana vitu vitatu, yaani mwenyeji dhaifu (yule anayeshambuliwa), kimelea, na mazingira yanayokipendelea kimelea. Mtaalamu wa nyasi anajua kwamba kuvu halimalizwi kwa dawa peke yake, bali kazi huanza kwa kupunguza unyevu na kufungua njia ya hewa. Kwa binadamu hesabu ni ileile. Chumba kidogo, madirisha yaliyofungwa na watu kumi wanaongea kwa sauti: hayo ndiyo mazingira.

Kwa nini masharti yalitofautiana kutoka jimbo hadi jimbo?

Kwa sababu nchini Marekani mamlaka ya kufunga biashara wakati wa maradhi yako kwa magavana na idara za afya za majimbo. CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, hutoa mwongozo tu. Ndiyo maana Michigan iliruhusu gofu tena tarehe 24 Aprili 2020, lakini kwa kutembea, bila vigari. Illinois ilifungua tarehe 1 Mei: wachezaji wawili wawili, dakika 15 kati ya kundi na kundi, bila vigari. Massachusetts ilisubiri hadi tarehe 7 Mei.

Wasimamizi hawakuwa wageni wa miongozo ya kijimbo. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiandaa, jimbo kwa jimbo, vitabu vya utunzaji bora wa maji na matumizi ya viuatilifu, na kufikia mwisho wa 2020 majimbo yote 50 yalikuwa na chake. Mazoea hayo ya kuchukua waraka wa jimbo zima na kuuandika upya kwa ajili ya karakana moja, pampu moja na watu kumi na wawili yaliwasaidia kuliko semina yoyote ya dharura.

(Kwetu mambo yalianza mapema vilevile: mashindano ya gofu ya Magical Kenya Open, yaliyopangwa Machi 2020 katika Karen Country Club, yaliahirishwa siku chache kabla ya kuanza.)

Uwanja umefungwa. Kwa nini wafanyakazi waliendelea kuingia?

Kwa sababu nyasi hazisubiri. Grini, ile sehemu laini yenye shimo, hukatwa kwa kimo cha milimita 3 hivi. Kanuni ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Wiki moja bila kukata, jani likifika milimita 6, huwezi kulirudisha 3 kwa siku moja. Ukilazimisha utabakiza mashina ya kahawia, na nyasi zilizochoka hivyo hushambuliwa na kuvu upesi. Lazima ushuke polepole kwa siku kadhaa. Ongeza umwagiliaji, ambao ukikatika kwenye joto grini hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana majimbo mengi yaliyofunga mchezo yaliacha mlango wazi kwa kikosi kidogo cha matunzo.

Swali la afya likabaki: kikosi hicho kitakutana wapi?

Kipi kilikuwa hatari zaidi: bendera, reki za mchanga, au karakana?

Karakana, tena kwa mbali sana.

Masharti ya 2020 yalijaa mambo ya kugusa. Bendera isiguswe. Reki za kwenye banka, yale mashimo ya mchanga, ziondolewe. Mashine za kuoshea mipira zifunikwe. Vikombe vya shimo viinuliwe kiasi cha sentimita 2.5 juu ya ardhi, au kipande cha sponji kitiwe shimoni ili mpira usizame. USGA, chama cha gofu cha Marekani, ilikubali kwa muda alama zilizopatikana kwa mashimo ya namna hiyo. Wakati ule tahadhari hiyo ilieleweka, kwa kuwa njia za maambukizi zilikuwa bado zinachunguzwa. Lakini mwezi Aprili 2021 CDC ilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa jumla ni chini ya 1 kwa 10,000 kila unapogusa. Virusi vilikuwa vinapita hewani.

Ukiangalia kikombe kilichoinuliwa utaona jambo lingine: bado kuna mtu anayekitoa kwa mkono kila asubuhi ili mashine ya kukata ipite, kisha akirudishe. Mguso haukuondoka, ulihamishwa tu kutoka kwa wachezaji wengi kwenda kwa mfanyakazi mmoja.

Huku nyuma watu kumi na wawili walikuwa wanabanana mbele ya ubao wa kazi saa kumi na moja alfajiri, wanavaa mabuti kwenye benchi moja, wanakula pamoja katika chumba chenye dirisha moja. Klabu iliyotumia bajeti yake yote kwa sponji za mashimo na kuacha chumba hicho kama kilivyo ilikosea mahali pa kuweka nguvu.

Karakana ipangwe vipi?

Chukua mfano wa kikosi cha watu 12. Wagawe makundi matatu ya watu wanne, na majina yasibadilike wiki hadi wiki. Kundi la kwanza liingie saa 11:00 alfajiri, la pili 11:20, la tatu 11:40. Kila kundi lile kwa wakati wake, nje kama hali ya hewa inaruhusu. Mmoja akiumwa, unapoteza watu wanne kwa muda; ukiwachanganya, unapoteza kikosi kizima mwezi ambao nyasi zinakua kwa kasi kuliko mwaka mzima.

Msimamizi na msaidizi wake wasiwe kundi moja. Hili husahaulika mno. Wote wawili wakilala kitandani, nani anajua ratiba ya maji, na nani ana leseni ya kupulizia dawa?

Kazi za siku zitumwe kwa simu usiku uliotangulia badala ya kuandikwa ubaoni. Milango mikubwa ifunguliwe kabla watu hawajafika. Fundi wa mashine asitembelewe kwenye benchi lake la kazi: mashine mbovu iachwe mlangoni na karatasi inayoeleza tatizo. Mtu mmoja, kigari kimoja, zamu nzima. Umbali wa futi 6, kama mita 1.8, ulikuwa rahisi huko uwanjani. Tatizo lilikuwa dakika ishirini za mwanzo na nusu saa ya chakula, na hapo ndipo barakoa ilipohitajika.

Dawa ya kuua vijidudu ichanganywe kiasi gani?

Kwa jiki ya kawaida yenye hipokloraiti ya sodiamu (kiini chake cha klorini) asilimia 5.25 hadi 8.25, CDC ilielekeza vijiko vikubwa 5 kwa galoni moja ya Marekani ya maji, ambayo ni mililita 20 hivi kwa lita. Tumia maji ya baridi ya kawaida, changanya panapopita hewa, na mchanganyiko ulio zaidi ya saa 24 umwagwe.

Osha kwanza kwa sabuni. Usukani uliojaa tope na vipande vya majani hula klorini kabla haijafika kwa kijidudu. Kisha lowesha kitambaa, futa, na uache sehemu ile ibaki na unyevu angalau dakika 1. Kama unatumia dawa iliyosajiliwa na EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, fuata muda wa lebo yake. Nyingine hutaka hadi dakika 10, na wengi huzikausha baada ya sekunde tano wakadhani wamemaliza.

Mambo yanayoharibika: klorini hula chuma, kwa hiyo isifike kwenye visu vya mashine ya kukatia. Usipulizie penye swichi na nyaya. Ifanye kazi hiyo juu ya zege, si kando ya grini, maana ikimwagika huunguza nyasi.

La hatari zaidi ni hili. Karakana ya gofu ina mifuko ya mbolea ya amonia. Jiki ikikutana na kitu chenye amonia hutoa gesi inayochoma mapafu. Ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Jiki iwekwe chumba tofauti na mbolea. Na usitie jiki kwenye bomba la kupulizia viuatilifu: mabaki yaliyomo hayajulikani yatafanya nini, na baadaye huyo huyo mpulizaji atapeleka klorini kwenye nyasi.

Barakoa za N95, zinazochuja chembe za hewani, zilipoadimika, barakoa ya kitambaa ilitosha kwa kupulizia viuatilifu?

Hapana. Barakoa ya kitambaa hupunguza matone yatokayo mdomoni mwako, haikukingi na ukungu wa kiuatilifu. Lebo ya kiuatilifu ni sheria: ikitaka N95, unavaa N95 iliyopimwa usoni, bila ndevu zinazoachia mwanya. Ikitaka chujio la mvuke, hata N95 haifai. Uliyekosa kifaa ulikuwa na njia za haki kama hizi: kuchagua dawa ambayo lebo yake haitaki kifaa hicho, kumwita mpulizaji mwenye leseni na vifaa, au kuahirisha.

Mfanyakazi akiumwa leo, afanyweje?

Mwaka 2020 aliyeambukizwa alikaa pembeni siku 10, na aliyekutana naye siku 14. Tangu Machi 2024 CDC inasema: baki nyumbani hadi hali iwe inaimarika na homa iwe imekwisha kwa saa 24 bila dawa ya kuishusha, kisha chukua tahadhari siku 5 zaidi, yaani barakoa, hewa safi na umbali. Kwenye uwanja hiyo maana yake ni kumpa kazi ya peke yake ya nje siku hizo tano: kukata nyasi, kumwagilia kwa mpira, kukarabati banka. Apige simu kabla ya kutoka nyumbani, si akifika getini. Na kama siku za ugonjwa hazilipwi, usishangae akija na homa.

Pointi za mafunzo na leseni zilipatikanaje semina ziliposimama?

Mtandaoni. Hata maonyesho makubwa ya fani hii ya Februari 2021 yalifanyika kwa njia ya intaneti. Lakini tofautisha mambo mawili. Pointi za chama husaidia uanachama na cheti. Leseni ya viuatilifu hutolewa na jimbo, na jimbo ndilo huamua somo gani linahesabika. Mtu anaweza kumaliza saa nne za semina nzuri kuhusu magonjwa ya nyasi kisha idara ya kilimo ya jimbo lake isimpe hata pointi moja, kwa sababu semina haikusajiliwa huko au haikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba alikuwapo mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: namba ya usajili wa somo katika jimbo lako, linaingia kundi gani la leseni, na uthibitisho wa kuhudhuria hutumwa na nani. Hifadhi cheti mwenyewe, usimtegemee mwandaaji.