Kocha wa chuo anatazama nini kwa kijana wa besiboli: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa wazazi wa Marekani ni kwamba wastani mkubwa wa upigaji (yaani ni mara ngapi mpigaji hufika kituoni kwa kuupiga mpira) katika ligi ya shule ndio unaomfikisha kijana kwenye timu ya chuo kikuu. Ukweli ni kwamba wastani huo hutegemea warushaji aliokutana nao, na anayewapiga warushaji dhaifu bado hajathibitisha mengi. Kwa hiyo kocha huangalia kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, wepesi wa mikono, na kama kijana anajua mpira upi wa kuuacha upite. Mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, hupimwa kwa saa, tangu mpira uingie katika glavu yake hadi aurushe na ufike kwenye kituo cha pili, na sekunde 2 huhesabiwa kuwa muda mzuri.

Kwa warushaji, wengi hudhani kwamba kasi pekee inatosha. Ni kweli kwamba maili 90 kwa saa, yaani kilomita 145 hivi, humfanya kocha ainue kichwa. Hata hivyo, asiyeweza kuulenga mpira huo, au asiye na aina ya pili ya mrusho wa kumchanganya mpigaji, hupitwa na mwenzake wa maili 85 ambaye mwili wake mwembamba unaonyesha kuwa bado utajaa. Kocha hununua miaka mitatu ijayo, si alasiri moja.

Tabia nayo hupimwa, ingawa haina saa wala rada: kijana aliyetolewa kwa kukosea mara tatu kupiga mpira anarudi vipi benchini, na anamjibuje mama yake anayemletea maji? Wapo waliofutwa kwenye daftari kwa jibu hilo tu.

Ufadhili kamili pia si jambo la kawaida. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa nafasi 11.7 tu za ufadhili, zikigawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Ndiyo maana alama za darasani, zinazoweza kuleta fedha nyingine, zina uzito kuliko familia nyingi zinavyofikiri.

Mwisho, kimya cha kocha hakimaanishi kumkataa kijana. Katika daraja la kwanza, kanuni humzuia kumwandikia mchezaji kabla ya tarehe 1 Agosti inayotangulia mwaka wake wa tatu wa sekondari, hata kama amekwisha kumtazama mara tano.